Kura Tano za Ufunguo wa Mashua

Jumamosi, 3 Agosti

Siku kubwa. Baba mkwe amestaafu uendeshaji wa mashua! Ametangaza leo mchana mezani, sahani hazijaondolewa hata. Daktari wa macho amemkataza kushika usukani tangu siku ile alipoegesha juu ya gati badala ya kando yake.

Mashua yenyewe ni ya mbao, ya watu wanane, rangi ya kijani, injini nyuma, usukani mbele kama wa gari. Mzee aliinunua kwa jasho la miaka thelathini ya kung'oa watu meno. Tunaoitaka ni wawili. Mimi. Na shemeji, kaka wa mke wangu, fundi viyoyozi, mtu wa kuvaa miwani ya jua hata sebuleni.

Mzee kasema hachagui yeye, asije akaambiwa ana upendeleo. Wajukuu wote watano watapiga kura Jumamosi ijayo. Kila mmoja wetu atawapeleka bwawani mara tatu, kwa zamu, mimi nikianza. Watakayemtaka wao ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Hakuna rufaa.

Hesabu ya haraka. Wangu ni wawili: binti wa miaka kumi na moja, tunamwita Hakimu kwa kupenda kwake kutoa hukumu, na mdogo wake wa miaka saba, Swali. Wa shemeji ni watatu: mapacha wa kiume wa miaka tisa, na kitindamimba wa miaka minne, Bosi. Mbili kwa tatu! Mbio hazijaanza, mimi tayari niko nyuma.

Lakini mimi si mtu wa hivi hivi. Mimi ndiye ninayepanga ratiba ya shule nzima. Madarasa kumi na manane, walimu thelathini na mmoja, na hajatokea mwalimu aliyejikuta yuko madarasa mawili kwa wakati mmoja. (Isipokuwa wa kemia, na yeye ameshazoea.) Watoto watano ndani ya mashua watanishinda nini?

Niseme ukweli, maadamu daftari hili halisomi mtu. Nautaka ufunguo ule, nautaka mno. Shuleni anaendesha mwalimu mkuu. Gari anaendesha mke wangu, tangu nilipogonga geti letu wenyewe kwa mara ya pili. Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kushika usukani watu wakakaa nyuma yangu kwa hiari yao.

Jumapili, 4 Agosti

Safari yangu ya kwanza. Ratiba kurasa mbili, nakala sita, zote nimezitia plastiki zisilowe. Saa 3:00 hadi 3:20, kutazama ndege wa majini. 3:20 hadi 3:35, maswali kuhusu ndege. 3:35 hadi 3:45, mapumziko. 3:45, historia ya bwawa. Na kadhalika, vipindi saba. Pia kengele ndogo ya shaba kutoka shuleni. Nimeiazima. Mwalimu mkuu hana habari.

Saa 3:04 Bosi akabanwa na mkojo. Tukarudi. Saa 3:19 tukaondoka tena, vipindi vyote vimeshaingiliana. Ndege alikuwepo mmoja tu. Akaruka. Swali akauliza amekwenda wapi, ana mke, na kama maji ndiyo yanayolowesha vitu, yenyewe yaliloweshwa na nani. Nikajibu mpaka kizunguzungu kikanishika. Mapacha wakawa wanapigana mateke chini ya ratiba. Hakimu akatoa hukumu kwamba mapumziko hayawezi kufanyika, kwa kuwa hakuna kazi iliyofanyika ya kupumzikia.

Nikapiga kengele. Bosi akaomba aipige yeye. Nikampa, maana kiongozi mwenye busara hugawa madaraka. Akaitupa majini. Kicheko cha kwanza cha siku nzima.

Tathmini: mafanikio! Vipindi vitatu kati ya saba vimefundishwa. Wiki ya kwanza ya muhula hata shuleni hatufiki hapo. Mke wangu kanikumbusha kwamba watoto wako likizo. Nikamwambia ndiyo maana nimeweka mapumziko.

Jumatatu, 5 Agosti

Zamu ya shemeji. Kaja na boya kubwa la duara, kalifunga nyuma ya mashua kwa kamba, watoto wanalikalia, yeye anawaburuta mbio. Spika ya muziki juu. Na kofia ya unahodha! Nani kamwambia avae kofia? Kura haijapigwa, mtu kashajiapisha!

Nikaenda kumchunguza kwenye matete, kwa madhumuni ya kitaaluma tu, nimevaa shingoni darubini ya mzee. Sehemu ile ina matope. Nikazama mpaka magotini. Kiatu cha kushoto kikabaki chini. Nikawa nimeinama, mkono wote matopeni, nakitafuta, nikasikia mtu kakohoa nyuma yangu. Baba mkwe, na kikombe chake cha chai.

Nitajificha wapi? Nikampa shikamoo pale pale, kiatu mkononi kinachuruzika. Akaitikia. Akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana baba, napima kina cha maji. Akatazama magoti yangu, akasema kumbe si kirefu, akaenda zake. Nadhani nimemgusa. Watu wazima wachache siku hizi hujali kina cha maji.

Watoto wamerudi sauti zimewakauka kwa kushangilia. Swali, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, kaniambia safari ya mjomba wake ilikuwa tamu kuliko siku yake ya kuzaliwa. Iliniuma. Ile sherehe niliipangia ratiba mimi. Nikajikaza kisabuni, nikamwambia vizuri.

Jumanne, 6 Agosti

Hazina! Jana jioni nilimwomba mlinzi wa gati anivushe mpaka kile kisiwa kidogo. Nikazika kopo la biskuti chini ya jiwe jeupe, hatua kumi kamili kutoka ukingo wa maji. Usiku nikachora ramani ya kiharamia na kuichoma kingo ili ionekane kuukuu. Ikaonekana kuukuu kweli. Pazia la jikoni pia.

Mlinzi aliniambia njiani kwamba mvua inapiga sana huko juu milimani na bwawa litapanda. Nilidhani anapiga soga tu.

Tumefika asubuhi. Hatua kumi zote ziko chini ya maji! Jiwe jeupe halionekani. Nikasimama na ramani yangu kama mtu aliyefika harusini tarehe siyo. Hakimu akaichukua, akaisoma, akatazama maji, akauliza kama hazina imewekwa majini kusudi.

Nikasema kusudi, sasa wewe ulidhani nini?

Lahaula! Waliingia wote watano na jaketi zao za kuelea, maji yakiwafika viunoni, Bosi yakimfika kifuani, kamkamata Hakimu mkono. Wanatafuta kwa nyayo. Kila anayekanyaga jiwe anapiga ukelele. Mapacha wakasukumana, wakazama, wakaibuka, wakasukumana tena. Dakika arobaini, hakuna aliyeuliza tunarudi lini! Mwishowe pacha mmoja akaliinua kopo juu ya kichwa. Biskuti zimegeuka uji. Bosi akachota kwa kiganja, akala, akaomba nyingine.

Katika shangwe zile ndipo Swali alipouliza kwa nini mashua inaondoka.

Sikuwa nimeifunga. Mikono yangu ilikuwa na ramani. Ikabidi niifuate kwa miguu, maji kiunoni, kifuani, shingoni, tai yangu ikielea mbele kuniongoza njia. Nilitembea kwa heshima zangu zote. Watoto wakajipanga ukingoni wakinishangilia kwa jina, bega kwa bega, wa kwangu na wa shemeji! Sijawahi kushangiliwa namna ile hata nilipofunga ndoa.

Ushindi mtupu. Nimejifunza jambo moja kubwa: kamba. Safari ijayo nitafunga mbili.

Halafu jioni, kwa kuwa adui akianguka hapewi muda wa kuinuka, nikamnong'oneza Bosi kwamba chini ya lile boya la baba yake anaishi samaki mkubwa anayeonja vidole vya miguu.

Jumatano, 7 Agosti

Njama imefaulu mia kwa mia! Bosi kagoma kupanda boya. Kadai aonyeshwe samaki kwanza. Shemeji kasema hakuna samaki kama huyo. Bosi kapiga yowe lililosikika mpaka kwenye baraza letu, na hatuko karibu. Pacha wa kwanza akaanza kukunja vidole. Wa pili akafuata. Dakika thelathini, wakawa wamerudi gatini, shemeji kofia imemkaa upande, jasho linamtiririka, spika imenyamaza. Nikampa glasi ya maji baridi kwa huruma. Akanishukuru! Moyo ukanisuta kidogo. Kidogo tu, kama dakika mbili.

Saa kumi na mbili jioni nikasikia hodi. Bosi, na chupa kubwa ya jamu isiyo na jamu. Nyuma yake wenzake wanne. Katangaza kwamba kesho nampeleka kwa samaki. Si ombi, ni taarifa. Samaki ataingia kwenye chupa.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Sasa nitampata wapi samaki?

Alhamisi, 8 Agosti

Siku bora kuliko zote maishani mwangu. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Nilifika gatini saa mbili. Nilifunga mashua kwa kamba mbili kama nilivyoazimia: fupi mbele, na ndefu nyuma, hatua thelathini, mafundo matatu. Watoto wakapanda. Nikafungua kamba ya mbele. Saa 3:00 kamili, sekunde sifuri, tukaondoka! Sijawahi kuona kuondoka kwa kupendeza vile.

Baada ya muda mfupi mashua ikapunguza mwendo. Nikaongeza moto. Injini ikanguruma, povu likaruka nyuma, lakini tukawa tunajivuta tu. Nikawaeleza watoto kwamba tumeingia kwenye mkondo mkali, wasiogope, niko nao. Hawakuogopa. Hawakusema neno.

Nikaanza maelezo ya mandhari, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Kushoto kilima. Kikapita. Kulia nyumba ya pampu. Ikapita. Halafu kilima kingine kinachofanana na cha kwanza. Nikawaambia bwawa hili lina vilima vingi vya aina moja. Halafu nyumba nyingine ya pampu. Nikawaambia serikali imejitahidi sana katika suala la pampu.

Ukimya! Dakika hamsini za usikivu! Hata Swali hakuuliza kitu. Nilitupa jicho kwenye kile kioo kidogo nilichokibandika mbele: mapacha wamekumbatiana, machozi yanawatoka. Hakimu kauma jaketi yake. Bosi alipofungua mdomo, Hakimu akamziba kwa kiganja. Nikampongeza kwa kulinda nidhamu. Akainamisha kichwa mabega yakimtikisika. Watoto hawa hawajazoea kusifiwa.

Likabaki suala la samaki. Nilikuwa na mkate wa kumvutia, nikawa natafuta maneno ya kusema amesafiri. Mara Bosi akachomoka mikononi mwa Hakimu na kupiga kelele: huyo hapo, huyo hapo, anatufuata! Nikageuka mara moja tu, kidogo, kwa sababu nahodha haachi usukani. Kweli! Kitu kirefu, chembamba, kijivu, kinapinda chini ya maji nyuma yetu! Nikasisimka mwili mzima. Nikathibitisha rasmi kwamba ndiye, na kwamba kwa uzoefu wangu ametufuata tangu gatini.

Hapo wakaanguka. Wote watano, sakafuni, wanajipigapiga mapaja, wanalia. Nikadhani ni hofu. Nikawaambia hana madhara.

Ndipo nikasikia sauti ya mtu, karibu sana, ya kawaida kabisa. Baba mkwe. Alikuwa ananiuliza kama tumesharudi au ndiyo kwanza tunaondoka.

Nikazima injini. Nikageuka mwili mzima kwa mara ya kwanza. Gati hilo hapo. Mzee huyo hapo na chai yake. Kamba yangu ndefu hiyo hapo, kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye pete ya nyuma, mafundo yote matatu yameshika vizuri.

Nilitamani ardhi ipasuke, ila ardhi yenyewe ilikuwa hatua thelathini. Nikamwamkia. Nikasema tumesharudi, baba.

Tathmini: hakuna aliyebanwa na mkojo, hakuna aliyepigana, tumeondoka kwa wakati na tumerudi bila kuchelewa hata dakika. Watoto walikataa kushuka! Ilibidi bibi yao aje kuwaita kula.

Ijumaa, 9 Agosti

Zamu ya mwisho ya shemeji, na kila kitu kikamwendea sawa. Maji yametulia, muziki unasikika vizuri, boya linateleza. Amewapa peremende. Amewarudisha salama, safi, saa aliyosema. Watoto wakamshukuru mmoja mmoja. Bosi kasinzia begani kwake.

Nimekaa nikihesabu. Watatu ni wake. Swali alishasema hadharani kwamba anapenda boya. Hakimu hanunuliki, na jana nilijaribu. Nne kwa moja, au tano kwa sifuri. Nimekata tamaa, siwezi kuficha.

Alasiri nilikwenda gatini peke yangu nikakaa ndani ya mashua, injini kimya, mikono kwenye usukani. Usukani una alama mbili zilizosuguliwa na viganja vya mzee. Viganja vyangu vinatosha hapo hapo. Nilikaa muda mrefu, bila ratiba. Mke wangu alikuja akakaa nyuma yangu. Akauliza tu tunaelekea wapi. Nikamwambia mbele. Akasema sawa, na akafunga jaketi yake ya kuelea. Nampenda sana yule mwanamke, ingawa anakata kona vibaya.

Jumamosi, 10 Agosti

Matokeo yametoka.

Saa tano, sebuleni. Wajukuu mmoja mmoja wakatumbukiza karatasi kwenye bakuli la saladi. Mzee akavaa miwani, akachomoa ya kwanza. Mimi. Mwandiko wa Hakimu. Ya pili, mimi. Mwandiko wa Swali, herufi moja imeangalia nyuma. Mwanangu! Shemeji akatabasamu, maana zilizobaki ni za wanawe. Ya tatu, mimi. Ya nne, mimi! Shemeji akavua miwani ya jua. Kumbe ana macho mazuri tu. Ya tano ilikuwa ya Bosi, hajui kuandika, kachora: mashua, mtu mwenye tai, na mstari mrefu mpaka kwenye gati. Mzee akaigeuza huku na huku, akasema hii haina utata.

Tano kwa sifuri! Wapiga kura wote, bila kura iliyoharibika!

Shemeji aliwauliza wanawe, hata nyinyi? Pacha mmoja akamwambia boya ni tamu, baba, lakini ukipanda mara tatu unajua litakata kona wapi. Kwa mjomba hajui mtu kitatokea nini, hata mjomba mwenyewe hajui. Mwenzake akaongeza kwamba Alhamisi mbavu zilimuuma mpaka usiku. Hakimu akatoa hukumu ya mwisho, amesimama: kwa shemeji, watoto ni abiria tu, kwangu wanakuwa na kazi, maana lazima mtu awe macho wakati wote.

Shemeji akacheka kwa kweli, akanivalisha ile kofia yake kwa mkono wake. Mtu muungwana. Nimemsamehe spika. Suala la samaki nitamweleza siku nyingine.

Mzee akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Akasema ameendesha mashua ile miaka mingi na wajukuu wakishuka bila kugeuka nyuma. Hajawahi kuona watoto wanalia wasiteremshwe, tena kwenye mashua iliyofungwa. Machozi yalinitoka mbele ya mkwe, na sikuona aibu.

Baada ya chakula nilijifungia na kuchambua matokeo kitaalamu. Mambo yako wazi. Watoto wamechoshwa na kutojua kitatokea nini; wamelisema kwa vinywa vyao wenyewe. Wanahitaji mtu wa mpangilio. Ndiyo maana kura zote zimekuja kwangu. Nimeshaandaa ratiba mpya, kurasa kumi na moja, imegawanywa kwa dakika.

Alasiri nikawakusanya gatini, kofia kichwani, ufunguo mkononi, nikawaahidi rasmi: kuanzia kesho, katika safari zangu zote, halitatokea jambo lolote.

Wote watano wakanitazama, kisha wakatazamana. Niliona jinsi nilivyowagusa.